Chokaa ya Planti kwenye Dari la Shangazi

"Siku hizi hawaji kwangu."

Hivyo ndivyo shangazi alivyoniambia kwenye simu, tena mwishomwisho, baada ya kumaliza habari za kuku, habari za mvua iliyochelewa na habari za jino lake. Mimi nilikuwa juu ya ngazi kwenye gesti moja hapa Geita, rola mkono huu, simu mkono huu. Nikamuuliza ni nani hawaji. Akasema jumuiya. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Si lile dari."

Nikashuka kwenye ngazi.

Kama hujakaa na Wakatoliki wa huku kwetu, ngoja nikueleze. Jumuiya ni zile nyumba kumi, kumi na tano za jirani zinazosali pamoja kila Jumamosi asubuhi. Leo kwako, wiki ijayo kwa mwenzako, mpaka mzunguko urudi ulikoanzia. Mnasali rozari, mnasoma Injili, mnatangaziana nani anaumwa na nani kajifungua, mnakunywa uji kama mwenye nyumba kapika. Wanasema ni sala, na ni sala kweli, lakini mimi nimelelewa kwenye nyumba ya zamu hizo, najua kilicho chini yake. Siku ukifa, jumuiya ndiyo inafika kwanza. Inachota maji, inapika, inaimba. Mume wa shangazi alipofariki, akina mama wale wale walilala kwenye sakafu ya sebule yetu siku nne, wala hakuna aliyeulizia godoro. Sasa mtu kama shangazi, mjane, hana mtoto wa kumzaa, ana mimi tu wa kaka yake, niliyekulia kwake, ukiiruka nyumba yake kwenye mzunguko umemwambia nini? Umemwambia wewe siku yako ikifika, tutaona.

Kisa chenyewe nilikipata kwa kumbana. Walikuwa wamekaa sebuleni, wamemaliza masomo, wanakunywa uji. Dari lilikuwa linabanduka rangi siku nyingi, linaning'inia magamba kama ngozi ya mtu aliyeungua. Gamba moja, kubwa kama kiganja, likaachia. Likaenda likatua katikati ya bakuli la mwenyekiti wa jumuiya, likaelea. Kuna mtu akacheka. Tangu siku hiyo mzunguko ukifika kwa shangazi, unapita.

Sikusikiliza zaidi ya hapo. Nilimwambia, "Shangazi, Jumapili nakuja." Akasema nisijisumbue. Nikamwambia mimi kazi yangu ni rangi, nimepaka nyumba za watu nisiowajua, za matajiri wa jana na masikini wa kesho, halafu dari lililonilea liniaibishe? Akarudi kwenye habari za kuku. Nikachukulia hiyo ni ndiyo.

Kazi hii sikufundishwa na mtu. Nilianza kwa kubeba ndoo za mafundi, nikawa naangalia mikono yao, wakifukuza nakwenda kwa wengine. Nilichojifunza vizuri nilijifunza kwa kuharibu. Dari langu la kwanza peke yangu lilibanduka ndani ya mwezi, mwenye gesti akaniita mbele ya wateja akaniuliza kama nilipaka rangi au nilibandika karatasi. Nilimjibu vibaya. Lakini nilirudi, nikakwangua, nikakaa chini na yale magamba mpaka nikaelewa. Gamba la rangi ukiligeuza mgongo linakwambia kila kitu. Ukikuta unga mweupe nyuma yake, ujue rangi haina kosa, kosa ni la kile ilichokalia.

Jumapili nilipita njia ya Kharumwa. Binamu yangu anafanya kazi kwenye planti ndogo ya kuchenjulia dhahabu upande huo, pale wanapoloweka marudio, ule mchanga uliokwisha kuoshwa, kwenye matenki makubwa. Kule chokaa ipo ya kumwaga. Wanaitia kwenye tenki ili ile dawa kali ya kunasia dhahabu isigeuke hewa ikaua watu. Na huku kwetu kila mtu mwenye ndugu planti anajua: chokaa ya planti ndiyo chokaa. Inapaka vyoo, inapaka mashina ya miti, inapaka makaburi kabla ya Krismasi. Binamu akanipa nusu mfuko, akaufunga mwenyewe kwa kamba. "Hii kali," akasema, "siyo zile za dukani zilizochanganywa na majivu." Nikaondoka kifua mbele.

Nikafika Tinde jioni. Shangazi alikuwa mlangoni. Nikapiga goti, shikamoo, akaitikia marahaba, akanishika uso kwa mikono yote miwili, akasema nimekonda. Kila mwaka nimekonda. Nikaingia sebuleni nikainua macho.

Nyumba ile aliijenga mume wake, aliyekuwa fundi wa mitambo kwenye jineri, kiwanda cha kuchambua pamba. Wakati huo wenzake wote wanaezeka bati wanalala hivyo hivyo, joto la mchana likikaa humo humo. Yeye akasema nyumba bila dari ni banda. Akatandika wavu ule wa mabanda ya kuku juu ya mbao, akaupiga plasta ya sementi kwa chini, peke yake, kichwa nyuma, wiki tatu. Watu walikuja kuangalia. Mpaka leo Tinde wazee wakisema "nyumba ya dari" wanasema ile.

Plasta yenyewe ilikuwa nzima. Nilipanda kwenye meza nikaigonga kwa kifundo cha kidole kila mahali, ikanijibu sauti ngumu. Nikabandika selotepu mahali rangi ilipokuwa bado imeshika, nikaivuta. Ikaja na rangi, na nyuma ya rangi unga mweupe. Nikamwonyesha shangazi.

"Unaona? Chini kuna chokaa. Juu ya chokaa mlipaka rangi ya mafuta. Chokaa ni kama vumbi, haimshiki mtu mkono."

"Chokaa alipaka yeye," akasema. "Rangi tulipaka mwaka pamba ilipokubali."

"Basi ndiyo ugonjwa."

"Imekaa miaka mingapi, ng'wana wane, mwanangu? Ugonjwa gani huo wa miaka yote hiyo?"

Nilicheka. Nikamwambia hata mtu anaweza kutembea na ugonjwa miaka yote hiyo.

Jumatatu asubuhi nilipanda kwenye bati kwanza, maana ukitibu dari bila kuangalia paa ni kama kumfuta mtoto machozi huku umemkanyaga. Nikakuta misumari miwili imelegea, kila mvua inadondosha kidogo. Nikaing'oa, nikapiga mipya yenye mipira. Nilikuwa bado juu nikamwona mwenyekiti wa jumuiya anapita na kikapu, mama mmoja mrefu, mnyoofu, anatembea kama anapimwa. Nikashuka haraka kuliko inavyotakiwa kushuka kwenye bati.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba, binti. Umekuja kumwona shangazi?"

"Nimekuja kutengeneza dari. Ili watu wakose kisingizio."

Akaweka kikapu chini. "Kisingizio cha nini?"

"Cha kuiruka nyumba ya mjane. Jumamosi hii ni zamu ya nani?"

Alimwangalia shangazi, aliyekuwa amesimama kwenye kona ya nyumba na ungo. Shangazi akaanza kupeta mchele uliokwisha kupetwa.

"Kwa mzunguko," mwenyekiti akasema polepole, "ni ya hapa."

"Basi mje. Mtakuta dari jeupe kama kanzu ya padre siku ya Pasaka. Na lisipokuwa hivyo, mimi sitashika brashi tena."

"Binti, unaunguruma kama karasha la kusaga mawe."

"Nimekaa Geita."

"Inasikika," akasema. Akachukua kikapu chake akaenda, na nikaona mabega yake yanatikisika kidogo, sijui kwa kucheka au kwa nini. Mimi nilijiona nimeshinda.

Shangazi hakuniambia neno mpaka tumekula. Ndipo akasema, "Nani kakutuma kunigombea?"

"Hakuna. Nimejituma."

"Umejituma," akarudia, kama mtu anayeonja chumvi.

Kukwangua kulichukua siku mbili. Tulitoa viti vyote nje, tukatandika maturubai. Nikaweka mapipa mawili na ubao juu yake, nikafunga khanga puani. Rangi za zamani huzikwangui kavu, vumbi lake halina urafiki na kifua. Unalowesha kwa sponji, mahali kama upana wa mlango, unasubiri inywe, halafu unapitisha skrepa ukiwa umeilaza, maana ukiisimamisha inachimba plasta. Inatoka kama ugali uliogandia sufuriani. Mikono inakufa ganzi, maji yanaingia kwenye kwapa, shingo inakuwa siyo yako. Napenda kazi ile. Najua watu hawanielewi nikisema hivyo, lakini hakuna kitu kinanituliza kama kuona kilichooza kinatoka na kilicho kigumu kinabaki.

Rangi zilikuja kwa zamu. Krimu juu. Chini yake bluu. Shangazi alikuwa anafagia, akaokota kipande cha ile bluu akakifuta kwa upindo wa khanga.

"Hii alichagua yeye. Duka zima Shinyanga alisimama mbele ya bluu. Nikamwambia watu wanapaka nyeupe. Akasema watu hawajui kwamba mtu anatumia nusu ya maisha yake amelala chali."

Tukacheka wote wawili. Halafu akakiweka kile kipande kwenye rundo pamoja na vingine, akaendelea kufagia. Nikalowesha sponji.

Mwisho ikaja chokaa. Ile niliosha kwa maji na brashi ngumu, mara tatu, mpaka nikipitisha kiganja kinarudi kama kilivyokwenda. Jumanne jioni dari lilikuwa la kijivu, tupu, lina mikwaruzo na vishimo lakini safi. Hapo ndipo fundi mwenye akili angenunua unga wa jipsamu, angekandika vishimo, akasubiri. Mimi nilikuwa na nusu mfuko wa chokaa ya planti.

Nilitaka dari zima liwe laini kama kioo. Nilishaahidi kanzu ya padre. Nikamimina maji kwenye ndoo, nikatia chokaa, ikachemka. Ilichemka kweli, mvuke ukatoka, ndoo ikawa ya moto huwezi kuishika. Nikamwita shangazi aje aone.

"Unaona nguvu hiyo?"

Alisimama mbali. "Utaiacha siku ngapi?"

"Hadi kesho asubuhi."

"Yeye alikuwa anachimba shimo pale nyuma. Anailoweka, anaifunika, anaisahau. Mimi ndiyo nilikuwa nauliza, kwani ile chokaa imekufa? Halafu anaichuja kwenye gunia."

"Shangazi, zile zilikuwa chokaa za zamani. Hii ni ya kisasa, ya planti."

"Haya, fundi."

Sikuichuja. Nasema wazi sikuichuja. Jumatano nikaichanganya na sementi nyeupe na mchanga laini, nikapaka dari lote, tabaka jembamba, nikailainisha kwa mwiko mpaka jioni. Alhamisi asubuhi ilikuwa nyeupe hata kabla ya rangi. Majirani wawili walichungulia dirishani. Mmoja akasema, "Mayu, nyumba imekuwa hospitali!" Nikajisikia kuku anavyojisikia akitaga.

Ijumaa asubuhi tulikuwa tunakunywa chai, ikalia *tak*. Nikadhani ni bati linapokea jua. Ikalia tena, *tak*, na kitu kikadondoka mezani. Kichembe kidogo cheupe, kama bisi. Nikainua macho. Juu yangu palikuwa na kishimo, upana wa kifungo cha shati, katikati yake doa la unga. Pembeni yake kingine. Pembeni ya mlango kundi zima. *Tak.* Shangazi alishika kikombe chake akakifunika na sahani, taratibu, bila kuniangalia.

Nikampigia binamu.

"Chokaa yako inalipuka!"

"Inalipuka wapi?"

"Kwenye dari!"

Kikaja kicheko, kile cha mtu anayeinama. Nikasikia anawaambia wenzake, na wao wakaanza. "Dada, ile ina punje zilizoungua sana tanuruni. Haziivi kwa usiku mmoja. Sisi tunaitupa kwenye tenki, ikiiva leo, ikiiva wiki ijayo, tenki linajali? Nani kakwambia uifanye plasta?"

"Wewe ndiye umenipa!"

"Uliomba chokaa, nikakupa chokaa. Ungeomba ushauri ningekupa ushauri."

Nilimkatia simu. Nikatoka nje nikapiga teke ndoo, ikagonga pipa, kuku wakatawanyika. Kila punje ambayo haikuiva ilikuwa imekaa mle ndani ya plasta, inakunywa unyevunyevu kidogo kidogo, inavimba, na siku yake ikifika inasukuma kilicho mbele yake. Leo, kesho, mwezi ujao. Nikajua kitu kimoja kibaya zaidi: ningeweza kupaka rangi nzito juu yake, mikono miwili, na ingeshika mpaka Jumapili. Rangi nzito inabana. Wangekuja, wangeona kanzu ya padre, ningepanda gari nirudi Geita, na baada ya wiki shangazi angekaa peke yake chini ya mvua ya bisi.

Nililiwaza jambo hilo kwa muda ambao sitautaja hapa. Kopo la rangi nyeupe nililokuja nalo kutoka Geita nililishika. Nikaliweka chini, nikavaa ndala, nikaenda kwa mwenyekiti.

Alikuwa amekaa kwenye mkeka uani, anakata viazi vitamu vya kuanika michembe. Nikamsalimia. Akanisogezea kigoda na kisu. Kwa huyo mama hukai bure. Nikakata kiazi kimoja, nikakata cha pili, nikasema.

"Mwenyekiti, nimeharibu. Dari halitakuwa jeupe kesho. Kosa ni langu, siyo la shangazi. Naomba msimruke kwa ajili yangu."

Akaendelea kukata. Vipande vyake vyote vilikuwa na unene mmoja.

"Nani kakwambia tunamruka?"

"Ameniambia hamji."

"Ni kweli hatuji." Akainua uso. "Kila zamu yake ikifika, nakwenda mimi mwenyewe Alhamisi namwambia, kesho kutwa ni kwako. Kila mara anasema, mwenyekiti, niruke, naumwa. Niruke, nimepata mgeni. Niruke, kiti kimevunjika. Zamu tatu zimepita hivyo. Nimekaa na mama yule tangu sote tuna meno yote, nimwite mwongo?"

Kisu kilisimama mkononi mwangu. "Na Jumatatu nilivyokutukana, mbona hukusema?"

"Nilikuwa nasubiri yeye akwambie. Akapeta mchele." Akatupa kipande kwenye ungo. "Kesho saa tatu nitakuwa mlangoni kwake na watu wangu. Kama hataki, aseme yeye. Asinitumie mtoto."

"Sikutumwa. Nimejituma."

"Hilo ndilo tatizo lako, binti. Kata vyembamba, hivyo havitakauka."

Nilirudi nikiwa na hasira ambayo haikujua pa kukaa. Wiki nzima nilikuwa nimeielekeza kwa mwenyekiti, na sasa mwenyekiti hakuwa na kosa. Shangazi alikuwa ameshaanza kutoa viti nje. Alikuwa ameelewa kwamba tunakwangua upya, bila mimi kumwambia.

"Ni wewe unayewakatalia," nikasema.

Aliweka kiti chini.

"Kwa nini, shangazi? Gamba la rangi? Mimi nimeacha kazi ya watu Geita!"

"Usinipigie kelele ndani ya nyumba yangu."

Nikashusha sauti. Ilikuwa kazi, lakini niliishusha. Akakaa kwenye kile kiti, pale pale katikati ya turubai.

"Lile gamba lilipoanguka," akasema, "yule mke mpya wa pale kona alicheka. Mtoto tu, hakuwa na ubaya. Akasema, kumbe ndiyo dari lenyewe hili wanalolisifia? Basi. Yeye alikaa wiki tatu kichwa nyuma. Shingo yake haikurudi sawa mpaka kufa. Nikaona anachekwa, na hayupo kujibu. Nikasema kuliko wamcheke, wasije."

Nikapanda kwenye ubao, nikalowesha, nikaanza.

Kukwangua mara ya pili kulikuwa kwepesi, maana plasta mbichi ya siku mbili haijashika meno. Inatoka vipande vizima. Shangazi alishika ndoo, akawa ananibadilishia maji bila kuambiwa. Kila nilipokuta punje imezama nilimwonyesha, nikaichokoa kwa ncha ya msumari. Saa tisa alasiri tulikuwa tumerudi pale pale tulipokuwa Jumanne: saruji tupu, ya kijivu, ina alama. Lakini sasa, mwanga ukiingia pembeni, niliona kitu ambacho Jumanne sikukiona kwa haraka zangu. Mistari ya mwiko. Mipindo mikubwa, mmoja baada ya mwingine, yote inaanzia kulia, mkono wa mtu mmoja kutoka ukutani mpaka ukutani. Nikamwita shangazi apande. Akasema yeye na magoti yake hapandi. Nikamshika kiuno, akapanda kwenye ubao, akanyoosha mkono, akapitisha vidole humo.

"Kuna cha kuanguka hapa?" akauliza.

"Hakuna. Kilichobaki ni chake tu. Nimekigonga chote."

"Una hakika? Au hakika kama ile ya chokaa?"

"Hakika ya kweli. Chokaa nilibahatisha."

Akashuka. Akanawa mikono. Akasema, "Kwa mwenyekiti hawakosi michembe iliyokwisha kukauka. Kaniombee ya kupika, na karanga. Watu kumi na tano si wachache."

Jumamosi saa tatu walifika. Mwenyekiti mbele. Nilikaa kwenye kona karibu na mlango wa jikoni, na nakubali, sikusali vizuri. Nilikuwa naangalia macho ya watu. Kila anayeingia anainua kichwa, anakutana na dari la kijivu lenye mistari, anamwangalia jirani yake, anakaa. Yule mke wa kona alikuja na mtoto mgongoni. Alipoinua macho nilikaza meno.

Walisali, wakasoma. Ilipofika michembe na karanga, mzee mmoja mwenye kofia ya pama akashindwa kuvumilia.

"Mama, tuliambiwa tutakuta kanzu ya padre."

Watu wakaguna kwa kicheko. Nikafungua mdomo. Shangazi akaninyooshea kiganja bila kugeuka, kama anavyomzuia mbuzi asiingie stoo.

"Fundi bado hajamaliza," akasema. "Na hiyo mnayoiona ndiyo kazi ya mume wangu, haina nguo. Nilitaka muione kabla haijavaa."

Mwenyekiti, ambaye hajui kusifia, akasema, "Mistari imenyooka." Yule mzee wa kofia akasimama, akaenda mpaka pale dari linapoteremka kukutana na ukuta, akagusa, akasema yeye alikuwepo siku ile mchanga unaletwa na mkokoteni. Na mwingine naye alikuwepo. Mke wa kona akauliza ilichukua muda gani. Shangazi akamjibu yeye mwenyewe, akimwangalia usoni, bila ukali wowote. Wiki tatu. Yule binti akasema, "Peke yake?" na akainua tena kichwa, safari hii kwa muda mrefu, mpaka mtoto mgongoni naye akaangalia juu.

Ukafika wakati wa matangazo. Mwenyekiti akafungua daftari lake. Akasema Jumamosi ijayo ilikuwa ni kwa familia fulani, lakini wamekwenda Kahama kwenye arusi, kwa hiyo nani atatupokea? Watu wakaanza kuangalia viatu vyao. Wiki ya kuandaa mashamba ile, nani ana nafasi.

"Njooni hapa," shangazi akasema.

"Si tumetoka hapa leo?"

"Kwani nyumba imekwisha?"

Mwenyekiti akaandika. Wakasimama kwa wimbo wa mwisho, shangazi akaanzisha yeye, juu kuliko sauti zao zinavyofika, wakamfuata hivyo hivyo wakikwaruza.

Siku saba mpaka warudi. Unga wa jipsamu kwenye vishimo tu, mistari niiache, siku mbili kukauka. Msasa nusu siku. Praima, rangi ya msingi, siku moja, na isiguswe. Rangi ya maji mkono wa kwanza Alhamisi, wa pili Ijumaa asubuhi na mapema, bluu, maana sikuwa na haja ya kumuuliza ni rangi gani. Nilipita katikati yao wakiwa bado wanaimba, nikatoka nje kuangalia kama duka la vifaa limeshafunguliwa.